Birika la Uroa

Sikuwa na mchanga.
Machimbo yamefungwa, gari moja
bei yake mahari ya binti wa mjini,
na kamati ya madrasa imenipa
mifuko kumi na minne ya saruji
na dua.

Nikatazama jaa la nyuma ya mahoteli:
chupa, chupa, kilima cha chupa,
za kijani, za kahawia,
zimelewesha wageni usiku
na kutupwa kabla ya adhana.
Ng'ambo ya jaa, kifusi cha skuli ya zamani,
ukuta uliolala chini masika yale;
kipande kimoja bado kina chaki:
7 × 8 =
jibu lilibaki upande uliosagika.

Nikasema, basi, hivi viwili.

Mize Vuai na wenzake wanne,
mikono iliyokulia kwenye kugonga makumbi,
wakazitwanga chupa ndani ya pipa
kwa michi ya chuma, vitambaa machoni,
mpaka kioo kikasahau kukata:
kikawa chenga, chenga zikawa unga
unaoteleza kiganjani kama sukari.
Tukauosha.
Mimi nilitosheka na maji matatu.
Mize akasema saba.

Maneno yalifika msikitini kabla ya zege.
Machano, mshika fedha wa kamati, akasimama:
"Watoto wetu watawadhie ndani ya ulevi?"
Mimi sina elimu ya kumjibu.
Elimu yangu ni ndoo:
moja ya saruji, mbili za unga, tatu za kokoto,
na maji yapimwe, yasimiminwe kwa huruma.
Ni Mize aliyesema, nyuma ya pazia:
"Siki unayotilia achari yako, Machano,
ilikuwa nini kabla haijawa siki?"
Kimya.
Kisha mtu akacheka,
na kicheko kile ndicho kilichotia sahihi.

Watu hudhani zege hukauka.
Zege halikauki, hukomaa.
Siku ishirini na nane nililifunika magunia mabichi,
nikaamka usiku kulinywesha
kama mwenye mtoto wa homa.
Na vitofali sita vya majaribio nikaviweka:
viwili pwani, maji yanapojaa na kupwa,
viwili juu ya bati,
viwili mvunguni mwa kitanda changu
(mke wangu alivigonga kidole, akavilaani).

Miaka tisa sasa.
Ukuta wa hoteli, rika lake,
uliojengwa kwa mchanga wa ufukweni ulioibwa gizani,
chumvi yake imeamka ndani kwa ndani:
nondo zimevimba kutu, zinachungulia nje,
wanaupaka rangi kila msimu wa wageni.
Birika limeshika maji.

Ila sitadanganya.
Kona ya kaskazini, mwaka wa nne,
palitokea nyufa nyembamba, utando wa buibui.
Nikapachimba kwa tindo, nikaona:
ni pipa la mwisho, la magharibi ile,
tulipokuwa tumechoka, nikasema inatosha.
Chenga zilibaki kubwa.
Kioo kisichosagwa kikaishia hakisahau;
hunywa maji polepole, huvimba, hudai.
Kosa halikuwa la chupa.

Mize alikuwa ameshafariki.
Kopo la unga wake lilikuwa bado darini kwangu,
kifuniko kimefungwa kwa kamba ya usumba.
Nikaziba kona kwa ule.

Juzi nikatoa kitofali cha mwisho cha pwani,
kimeota ukoga, kina makombe madogo mgongoni.
Nikakiweka juu ya jiwe, nikashika nyundo,
watoto wa madrasa wakahesabu kwa sauti.
Nilitaka kifike hamsini na sita.
Nisikufiche, nilitaka sana.
Kilipasuka kwenye la hamsini na moja.

Nimeandika hivyo hivyo daftarini: hamsini na moja.
Ndani, katikati ya kijivu,
chembe moja ya kijani ilikuwa ikiwaka.
Nilipoigusa haikunikata.